Tupeni uchawi, msitupe santuri

Wenyeji wa mji huu wanatueleza kwamba jina lake lina maana moja tu: Sumbawanga, yaani tupa uchawi. Sasa mimi, mkazi wa mji wa tupa uchawi, leo nimekuja kuwapigia debe Wachawi! Msinirushie mawe kwanza, wadau. WITCH ni bendi ya roki ya Zambia, na herufi hizo zilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu". Na kweli vurugu walileta. Sisi majirani zao ndio hatukusikia hata kishindo.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Katika miaka ya 1970, ng'ambo tu ya mpaka wetu, ilirekodiwa roki ya Kiafrika ambayo leo wakusanya santuri wa Ulaya na Marekani wanainunua kwa mamia ya dola. Moja ya albamu bora za wakati ule ilirekodiwa huko huko Zambia na bendi ya Dar es Salaam, tena kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili. Sisi ambao lugha ni yetu na mpaka ni wetu, hatuna habari. Hili linanikera, na nadhani lingepaswa kukukera na wewe.

Tuanze na hiyo ya nyumbani. Bendi inaitwa Sunburst, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Mwimbaji wake alikuwa James Mpungo, na gitaa lilikuwa mikononi mwa Hembi Flory Kongo. Enzi zile kila bendi ya Bongo ilikuwa na mtindo wake wenye jina: NUTA walikuwa na Msondo, Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa. Sunburst wakauita wao Kitoto. Ndani yake mlikuwa na roki, soul, rumba ya Kongo na ngoma za kwetu, vyote kwenye sufuria moja. Mwaka 1976 wakatoa albamu yao, Ave Africa, waliyoirekodi Zambia. Halafu basi. Bendi ikasambaratika, na albamu ikawa kitu cha kutafutwa na wazungu wenye subira. Ilichukua miaka 40, mpaka 2016, kampuni ya Strut ya Uingereza ilipoitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine za kuanzia 1973.

Hebu sikiliza "Enzi za Utumwani" au "Simba Anguruma" halafu uniambie. Hakuna sehemu utakayohitaji mkalimani. "Kipato Sina" je? Jina peke yake linaweza kuwa wimbo wa taifa wa vijana waliomaliza chuo na bado wanazunguka na bahasha! Ninachokipenda kwa Sunburst ni kwamba hawakuomba radhi. Hawakuimba roki kama watu wanaoazima koti la mwenzao na kuogopa kulichafua. Kiswahili kimekaa juu ya gitaa la umeme kana kwamba ndiko kilikozaliwa.

Sasa tuvuke Kasesya. Ukitoka hapa mjini, ukapita Matai, saa chache tu baadaye uko Mbala. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka, wanaoana na kuzikana, na mpaka wenyewe unatokana na makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890. Maporomoko ya Kalambo nayo yako nusu kwetu nusu kwao, na maji yake hayajawahi kuombwa pasipoti. Kwa hiyo ukiniambia "hao ni Wazambia, sisi wanatuhusu nini", nitakuuliza swali moja dogo: umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umetoka wapi? TANESCO walikuwa wakiununua Zambia! Mkoa wetu uliachwa nje ya gridi ya taifa, tukawashiwa taa na jirani. Yaani umeme wao tuliupokea, lakini muziki wao uliopigwa kwa umeme huo huo tukauacha mpakani...

Muziki wenyewe siku hizi unaitwa Zamrock. Ulianzia hasa kwenye miji ya migodi ya shaba, Kitwe na jirani zake, ambako vijana wenye mishahara ya mgodini walikuwa na pesa ya kununua santuri na kuingia dansini. WITCH ni wa huko. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Albamu yao ya kwanza, Introduction, ilitoka 1972. Mimi lakini nawashauri muanze na Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Gitaa linakoroma kama mashine ya kusaga mahindi inayoanza kushika moto, kisha ghafla linatulia na kuwa laini, na wewe uliyekuwa umekunja uso unajikuta unatingisha kichwa.

Mwaka huo huo wa 1975 bendi ya Amanaz ilitoa albamu yake moja na ya mwisho, Africa. Hii ni ya usiku. Ni ya ile baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita, umejifunika blanketi mbili na usingizi hauji. Ina huzuni isiyopiga kelele. Rikki Ililonga naye, mwaka ule ule, alitoa Zambia, albamu ya mtu anayewaza peke yake akiwa na gitaa. Kabla ya hapo alikuwa na Musi-O-Tunya, bendi yenye jina la maporomoko yale makubwa ambayo wazungu waliyaita Victoria, na kundi hilo lilifanya kazi Nairobi kwa kipindi kizuri. Kwa hiyo msidhani ilikuwa habari ya Zambia peke yake. Muziki huu ulikuwa unatembea Lusaka, Nairobi na Dar es Salaam kabla ya sisi kuzaliwa.

Na wale wanaopenda vitu vizito, watafuteni Ngozi Family, albamu 45,000 Volts ya mwaka 1977. Paul Ngozi hakuwa na muda wa kuremba. Gitaa lake lina makali, ngoma zinapigwa kama mlango wa mwenye nyumba anayedai kodi. Alifariki mwaka 1989. Mwaka 2024, Tyler, the Creator wa Marekani alichukua kipande cha Ngozi Family akakitia kwenye wimbo wake "Noid", na dunia nzima ikaanza kuulizana, nani hawa? Vijana wa hapa mjini nao waliuliza vilevile. Ilibidi sauti ya jirani ipitie California ndipo itufikie Sumbawanga. Jamani!

Kwa nini tulivikosa vitu hivi? Sio kwa bahati mbaya tu. Upande wetu kulikuwa na serikali iliyokuwa na wasiwasi na muziki wa vijana. Novemba 1969 mamlaka zilipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ulikuwa unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo kurekodi ilikuwa ama Radio Tanzania, ama ufunge safari ya nje. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inakufa, mpaka wa Kenya ukafungwa. Sasa bendi kama Sunburst, iliyotoa albamu mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ingeuziwa wapi na nani?

Zambia wao walikuwa na neema ya aina yake. Rais Kaunda aliagiza redio ipige asilimia 95 ya muziki wa Kizambia, na agizo hilo liliwapa wanamuziki moyo na masikio ya watu. Lakini bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, pesa ikapotea mifukoni. Kaseti za wizi zikaja. Halafu miaka ya 1980 ukaja UKIMWI, ukawafyeka wanamuziki wengi wa kizazi kile. Wengi wa wenzake Jagari wa WITCH wamekwisha kutangulia. Yeye mwenyewe aliishia kuchimba vito kutafuta riziki, mpaka wageni walipomtafuta na kumrudisha jukwaani. Filamu kuhusu safari hiyo ilitoka 2019, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Mzee wa miaka zaidi ya 70 anazunguka Ulaya anajaza kumbi.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia kwamba roki ni muziki wa wazungu. Ndugu yangu, nenda kamsome Sister Rosetta Tharpe, Chuck Berry na Little Richard, Wamarekani weusi walioupiga muziki huo kabla ya wengi wa hao wazungu unaowafikiria. Halafu rudi tuongee. Rumba yetu ilipitia Kuba, Bongo Fleva imekula sana kwenye sahani ya hip hop ya Marekani, na hakuna anayeziomba hati ya kuzaliwa. Kwa nini roki peke yake ndiyo isimamishwe getini?

Swali hili silitoi hewani. Jirani yangu mmoja ni kijana wa miaka 19, anapiga gitaa la kwaya. Siku moja mazoezini aliongeza ukali wa sauti kwenye spika, gitaa likakoroma kidogo. Akaambiwa azime, hizo ni sauti za mashetani, kisha akaongezewa kwamba "hayo si ya kwetu". La mashetani sikulijali sana, watu husema. Lakini lile la pili lilimwingia. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba anaona kweli, hajawahi kumsikia Mtanzania akipiga vile. Fikiria hilo, msomaji. Kijana ana kipaji, ana gitaa, ana hamu, na anaamini sauti iliyo kichwani mwake haina babu. Kumbe babu anao! Alikuwa Dar es Salaam mwaka 1970, aliimba Kiswahili, na albamu yake ipo.

Niliwahi kuomba kituo kimoja cha redio kipige Ave Africa walau wimbo mmoja usiku wa manane. Nilijibiwa kwamba wasikilizaji hawaijui. Sasa wataijuaje isipopigwa? Kaunda alilimaliza fumbo hili zamani: watu hupenda wanachokisikia. Sidai asilimia 95, mimi sio rais. Nadai nusu saa kwa wiki.

Kwa hiyo naomba mambo matatu tu. Kwanza, sikilizeni. Albamu nyingi nilizozitaja zinapatikana mtandaoni, na ukiweza nunua, maana waliobaki hai na familia za waliotangulia wanastahili chochote. Pili, wenye dawati kwenye redio za Rukwa, Katavi, Songwe na Mbeya, nyie ndio mlio karibu na Zambia kuliko wote. Mkiziacha nyimbo hizi nyie, Dar es Salaam watazitoa wapi? Tatu, kakagueni stoo za wazee wenu. Huku kwetu nimeona santuri imefunikia mtungi wa maji, nyingine watoto wanaisukuma kama gurudumu. Kabla hujaitupa, soma jina lililoandikwa katikati, piga picha, uliza. Maktaba ya kanda za Radio Tanzania, ambayo ilirithiwa na TBC, ni kubwa, lakini haikurekodi kila kitu na kila bendi. Vingine vimebaki kwenye masanduku ya watu binafsi, na panya hawajui historia.

Yule kijana nilimpa Ave Africa kwenye simu wiki mbili zilizopita. Hajaniambia kitu bado. Ila juzi jioni nilipita karibu na kwao, nikasikia gitaa linajaribu kupita njia ya Hembi Flory Kongo, linakosea, linarudi mwanzo, linakosea tena. Sikugonga mlango.

Naomba kutoa hoja.