Mchezo Uliowaachia Wachezaji Hesabu



Mashine za kwanza za michezo ya video ya nyumbani zingepaswa kuwa zimesahauliwa. Lakini mwaka 2016 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa upya, kwa umbo dogo, mashine yake ya miaka ya 1980, na mwaka 2023 Atari 2600, iliyotoka mwaka 1977, ikarudi nayo madukani. Husemwa kwamba watu wazima wanautamani utoto wao. Sisi tunaona kwamba sababu hiyo haitoshi, kwa maana hata waliozaliwa muda mrefu baadaye wanaipenda michezo hiyo.

Tuitazame ile iliyozitangulia zote. Mwaka 1966 mhandisi Ralph Baer, aliyekimbilia Marekani na jamaa yake kutoka Ujerumani ya Wanazi, aliandika wazo la kuichezea televisheni badala ya kuitazama tu. Wazo hilo lilizaa Odyssey, iliyouzwa na kampuni ya Magnavox kuanzia mwaka 1972. Ilikuwa mashine maskini: vidoti vitatu vyeupe na mstari mmoja, bila rangi wala sauti. Ili uwanja uonekane, karatasi angavu ya plastiki ilibandikwa juu ya kioo cha televisheni. Tena mashine hiyo haikujua kuhesabu pointi. Wachezaji walijihesabia wenyewe.

Hapo ndipo tunapoiona siri ya mvuto wake. Watu wawili waliketi bega kwa bega mbele ya kioo kimoja, na aliyeshindwa alipaswa kukiri kwa kinywa chake kwamba ameshindwa. Mashine ilifanya kazi ndogo. Kazi kubwa, yaani kuwaza, kusema kweli na kuvumiliana, iliachiwa watu.

Uhaba huohuo uliendelea kuzaa matunda. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mawingu na vichaka ni umbo moja lililobadilishwa rangi, kwa kuwa nafasi ndani ya kaseti ilikuwa finyu. Macho ya mchezaji ndiyo yaliyokamilisha mbingu na bustani. Mtoto wa kwetu aliyeviringisha matambara akapata mpira analielewa jambo hili bila kufundishwa.

Hatusemi kwamba kila cha kale ni chema. Mwaka 1982 Atari iliharakisha mchezo wa E.T., ukatungwa kwa muda wa majuma matano hivi ili uwahi Noeli. Mwaka uliofuata, kaseti zake nyingi zilifukiwa ardhini huko New Mexico pamoja na nyingine zilizokosa wanunuzi. Tamaa ya fedha haikuanza na simu zetu.

Hata hivyo, michezo mingi ya simu leo haina mwisho, huuza ushindi kwa fedha, na humwacha kijana peke yake katikati ya wenzake. Kwa hiyo tunawaomba muulizane katika kikundi chenu: mchezo huu unatuachia sisi kazi gani? Mnapocheza mpira uwanjani bila mwamuzi, na mmoja wenu akasema, «Hapana, halikuwa goli, mpira ulinigusa mkono,» mnashika jambo ambalo hakuna mashine iwezayo kuwafanyia. Mchezo unaotuachia nafasi ya kusema kweli hauchakai.