Kalunguyeye na barabara kuu

Wanaosema katuni ya The Animals of Farthing Wood ilikuwa kali mno kwa watoto, mimi siwaungi mkono. Ilianza kurushwa mwaka 1993, ikitokana na riwaya ya Mwingereza Colin Dann. Wanyama wanaukimbia msitu unaofyekwa, wameapa kwamba safarini hawatalana. Basi kalunguyeye wawili wanafika katikati ya barabara kuu, wanaingiwa na hofu, wanajikunja kama walivyozoea. Gurudumu halijali miiba. Halafu vile vitoto vya panya, mbwigu kavitundika mitini (na ndivyo alivyo kweli ndege huyo, hutundika nyama yake). Binti yangu alilia, kisha maswali mpaka usiku. Wazazi, msizime televisheni. Kaeni na watoto mtazame pamoja.