Bisibisi Nayo ni Kalamu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikizungumza juu ya vina na mizani, na huenda wengine wakashangaa leo kuniona na bisibisi mkononi. Naomba waniwie radhi. Jambo nililo nalo ni la utamaduni vile vile, tena ni la haraka, kwani tungo zetu, barua zetu na picha za wazee wetu siku hizi zimelala ndani ya kompyuta, na wengi wetu hatujui hata ifunguliwavyo.

Naandika nikiwa Chawia, katika milima ya Taita. Mke wangu ni mzaliwa wa huku, na kwa kuwa mama mkwe ameshakuwa mtu mzima sana, nusu ya mwaka twakaa kwake. Nyumba iko juu, karibu na msitu. Asubuhi ukungu hukaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kukaribishwa ndani, na ukishaondoka waona mkonge wa Mwatate kule chini, na nyika ya Tsavo baada yake hadi macho yachoke. Ni mahali pa raha. Lakini kwa mwenye kompyuta ni mahali pa mtihani: unyevu ni mwingi, radi za masika si za mchezo, stima huondoka bila kuaga, na ukitaka fundi yakubidi uifunge mashine kwa shuka, uipakate juu ya bodaboda hadi Mwatate, kisha matatu hadi Voi; na ukifika waambiwa uiache, urudi wiki ijayo.

Mashine yangu ni ile ya mezani, ya sanduku. Niliinunua Mombasa ikiwa imeshatumikia ofisi fulani Ulaya kwa miaka mingi, nikaileta huku kwa treni. Wiki ya kwanza ikawa yazima yenyewe kila baada ya dakika kumi. Mimi nikalaumu stima. Mke wangu akalaumu umri wa mashine, na nadhani alimaanisha na umri wa mwenyewe. Kijana wa dada yake mke wangu, ambaye amemaliza kidato cha nne na hana kazi, akaweka sikio sandukuni akasema, "Baba mkubwa, mbona haipumui?" Kweli, feni ilikuwa kimya. Tukatoa skurubu, tukafungua ubavu, na tazama! Mjusi kafiri mkavu kama karatasi, amebanwa katikati ya mapanga ya feni. Alikuwa ni mjusi wa Mombasa, amesafiri hadi Voi bila ya tikiti. Tulimtoa kwa kibano, tukapuliza vumbi, tukapangusa ile lami nyeupe iliyokauka juu ya prosesa na kuipaka mpya. Mashine haijazima tena kwa sababu hiyo.

Nasema kisa hiki si kwa kuchekesha tu. Lau tungaliipeleka kwa mtu asiye mwaminifu, tungaliambiwa ubao mama umeungua, nasi tungalilipa kwa kitu ambacho hatukukijua, tena huku tukishukuru.

Nilipokuwa chuoni kwa maalim, mimi na wenzangu hatukupewa kalamu iliyokwisha kuchongwa. Mtoto alipewa kipande cha tete na kisu, akaonyeshwa mara mbili, mara ya tatu alichonga mwenyewe. Wino tuliufanya wenyewe kwa masizi. Ubao tuliuosha wenyewe, na aliyeosha kabla ya kuhifadhi somo lake alikiona. Maalim wetu hakuwa na haja ya kutufanya mafundi wa kalamu. Alichotaka ni kuwa kalamu isije ikamkatikia mtu usiku na asiwe na la kufanya hadi asubuhi. Mimi kompyuta nimeiona hivyo hivyo tangu siku niliyopata msiba wangu.

Msiba wenyewe ni huu. Mwaka 2009, mwaka ule ule nyaya kubwa za intaneti zilipofika Mombasa kwa njia ya bahari na watu wote wakawa wana furaha, mimi nalikuwa nimemaliza kupiga chapa tungo sitini na tatu za mzee aliyenifundisha ushairi. Alikuwa kipofu miaka yake ya mwisho. Alinisomea kwa moyo, jioni baada ya jioni, nami nikaandika. Alifariki kabla hatujachapisha. Miezi michache baadaye Windows ikakataa kufunguka. Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaipiga fomati, akaniwekea Windows mpya, akanirudishia mashine na tabasamu: ilikuwa safi kama ubao uliooshwa. Nilipomuuliza habari za maandishi yangu alinitazama kama niliyemuuliza habari za moshi wa jana.

Simlaumu sana kijana yule. Hakuna aliyemwambia kuwa mle ndani mna mtu. Ninajilaumu mimi. Kwani baadaye nilikuja kujifunza kwamba diski ile haikuwa na ubaya wowote. Kilichoharibika ni ile programu ya kuamshia mashine. Kama ningejua kutoa skurubu nne, nikachomoa waya mbili, nikaipachika diski ile katika kompyuta ya jirani, tungo zote sitini na tatu zingalionekana zimekaa mahali pake. Kazi ya robo saa! Leo nimebaki na kumi na moja nilizozihifadhi kichwani, na mbili kati ya hizo sina hakika na ubeti wa mwisho. Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani wa Pate, ulioandikwa mwaka 1728, bado wasomeka hata leo kwa sababu uliandikwa karatasini ukanakiliwa. Mimi maandishi yangu hayakutimiza hata mwaka.

Tangu hapo nimekuwa mpenzi wa vyuma hivi, na kama mpenzi yeyote nimeshafanya upumbavu mwingi. Nimewahi kununua kumbukumbu ya aina ya DDR4 kwa mashine inayotaka DDR3, nikaisukuma kwa nguvu nikidhani ni ugumu wa upya. Kumbe vipande hivi havifanani: cha mezani cha DDR3 kina meno 240 na cha DDR4 kina meno 288, na pengo la katikati limewekwa mahali mbali mbali makusudi ili mjinga asiweze. Mafundi wa Mombasa kipande hiki hukiita ramu. Siku moja mama mkwe alinisikia simuni nikiuliza kwa sauti bei ya ramu, ya pili yake ni ngapi, na kama ile iliyokwisha kutumika haina madhara. Yeye si Mwislamu, lakini anajua lililo haramu kwangu, na chai jioni hiyo aliniwekea mbali kidogo.

Yako mambo machache ambayo mtu akiyajua huku kijijini atajiokoa na safari nyingi. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu; anayebadili vitu vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomponya. Mashine ikilia milio badala ya kuwaka, mara nyingi yalalamikia kumbukumbu: itoe, isugue meno yake kwa kifutio cha penseli taratibu, irudishe. Unyevu wa huku, kama chumvi ya kwetu pwani, hutia kutu ndogo isiyoonekana. Na kama kompyuta ni nzito kama mtu aliyetoka kula daku akalala, usikimbilie kununua nyingine. Toa diski ya sahani zinazozunguka, tia ile mpya isiyo na kitu kinachozunguka. Hakuna badiliko ninalolijua lenye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko hilo. Mashine yangu iliyokuwa ikinipa nafasi ya kuswali rakaa mbili kabla haijafunguka, sasa hunikuta bado nikivuta kiti.

Mwalimu mmoja jirani yetu alikuja akilalamika kuwa intaneti imekufa. Kila tovuti ilimkataa, ikimwambia kuna hatari. Alikwisha nunua vifurushi mara tatu. Tukatazama saa ya kompyuta yake: ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya miaka kumi! Betri ndogo ya ubao mama, ile ya duara iitwayo CR2032, ya volti tatu, ilikuwa imekwisha. Na tovuti za siku hizi huonyesha vyeti vyenye tarehe, na mashine inayodhani iko mwaka mwingine huviona vyeti hivyo kuwa si halali. Betri hizo huuzwa hata na wauza saa. Alicheka hadi akatoa machozi, kisha akakasirika alipokumbuka fedha za vifurushi.

Sasa nije kwenye hoja yangu. IBM walipotoa kompyuta yao ya binafsi mwaka 1981, waliuza pia kitabu chenye michoro ya nyaya zake zote, na ndani yake mlikuwa na nafasi za kupachika vitu vya watu wengine. Ndiyo sababu mashine za namna ile zilienea dunia nzima. Leo mwendo umegeuka. Kompyuta nyingi nyembamba za kupakata huja na kumbukumbu iliyotiwa lehemu juu ya ubao, na nyingine hata diski ni hivyo hivyo. Ikifa, imekufa na vyote vilivyomo. Sikatai kuwa ni nyepesi na ni nzuri machoni, wala simkatazi mwenye uwezo. Lakini kwa mtu wa Chawia, au wa Siyu, au wa Vanga, ile nzito mbaya inayofunguka kwa bisibisi moja ndiyo ya thamani. Wafaransa, ambao hawana shida ya mafundi kama yetu, tangu Januari 2021 wamewalazimisha wauzaji waonyeshe alama juu ya kumi kwa kila kompyuta ya kupakata: yatengenezeka kwa kiasi gani. Sisi ambao twahitaji zaidi hatuulizi. Twauliza rangi.

Halafu likaja la Oktoba 14, 2025, siku Microsoft walipoacha kuitunza Windows 10. Waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja, basi. Na Windows 11 haikubali rasmi nyingi katika mashine zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, hata kama ni nzima. Papo hapo, mwishoni mwa mwaka huo huo, bei ya kumbukumbu ilipanda sana kwa kuwa viwanda vilielekeza mali yao katika majumba makubwa ya akili mnemba. Basi mtu wetu anaambiwa kwa mdomo mmoja atupe ya zamani, na kwa mdomo wa pili kuwa mpya ni ghali. Umoja wa Mataifa ulihesabu kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za vyombo vya umeme tani milioni 62, na zilizothibitika kukusanywa na kusafishwa vizuri hazikufika hata robo. Sioni kwa nini Taita tuongeze fungu letu kwa mashine zinazowaka.

Mimi na kijana wetu tumezitia Linux mashine mbili za namna hiyo. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, na ile namna yake iitwayo Ubuntu ilitoka mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Haina bei. Si kila kitu kilikwenda sawa: printa moja imekataa kabisa na hadi leo yatutazama tu. Lakini kuandika, kusoma na kupeleka barua ni sawasawa. Tena yafaa tukumbuke kuwa mwaka huo huo wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kuitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa wazi. Hawakuhitaji kubisha mlango wa mtu. Kilicho wazi ndicho kinachokubali lugha yetu. Kama tukiite kompyuta, tarakilishi au ngamizi, hilo wanaoketi kwenye viti vya kamati na waendelee nalo. Mwenye bisibisi ana kazi.

Katika dini yetu iko faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, wengine wamesamehewa, ikikosa mtu, wote wameingia makosani. Wanazuoni wameuhesabu utabibu humo. Sisemi kwa fatwa, maana mimi si mufti, lakini kwa akili yangu ya kawaida naona kila kijiji na kila mtaa hauna budi kuwa na mmoja wa kuijua kazi hii kwa uaminifu, wa kuuliza kwanza "mna nini ndani?" kabla ya kupiga fomati. Vyuo vya ufundi vya kaunti, vinavyofundisha useremala na ushonaji, viiweke kazi hii pamoja nazo. Nasi wenye miswada tusingoje. Nakala moja ndani ya kompyuta, ya pili katika diski nyingine iliyowekwa nyumba nyingine, ya tatu karatasini. Wino wa karatasi hauulizi toleo la Windows.

Zile tungo kumi na moja nimezipiga chapa upya. Nakala moja iko hapa kwa mama mkwe, ndani ya kasha lake la kanga, na ya pili iko Mombasa kwa dada yangu. Kama yuko msomaji aliyewahi kuhudhuria vikao vya mzee wetu akahifadhi chochote, hata nusu ubeti, na aniletee kupitia ofisi ya gazeti.

Jana jioni kijana amepanda mlima na kompyuta nyingine mgongoni, ya mjane mmoja wa huko chini. Mna picha za marehemu mumewe. Haiwaki, yalia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Nimemwambia asiguse chochote hadi niswali alfajiri, na aje na kifutio.