Aliyelala usimwamshe? Si huyu wa siku tatu!

Wiki hii mambo ya mapenzi na disko nayaweka kando kidogo. Nina neno na wazazi wapya, wale ambao hata jina la mtoto bado linabishaniwa sebuleni.

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mwenye kichanga ndani akiusikia msemo huo anaupigia makofi. Kakesha macho makavu, mgongo unauma, na ndiyo kwanza dogo kafumba macho. Halafu atokee mtu aseme, "Mwamshe anyonye!" Si uchokozi huo?

Basi mimi ndiye huyo mchokozi. Nasema wahenga hawakuwa na maana ya mtoto wa siku tatu. Huyo mwamshe.

Kisa ni hiki. Tumezoea kuamini kwamba mtoto akisikia njaa atalia tu. Mkubwa ndiyo, atalia mpaka jirani agonge ukuta. Lakini kichanga cha siku za mwanzo anaweza kulala na njaa yake. Kadiri anavyokosa maziwa, nguvu zinapungua, na akiishiwa nguvu analala zaidi. Sisi huku tunasifia: "Lo, mtoto mtulivu huyu, hana usumbufu!"

Kuna shoga yangu mmoja wa Sinza, nilikwenda kumwona mzazi siku ya nne. Nikakuta mtori jikoni, mama mkwe kafika kutoka Moshi, mtoto kalala fofofo ndani ya blanketi. Nikauliza kanyonya saa ngapi. "Alfajiri," akajibu mama mtu. Hapo ilikuwa saa saba mchana! Nepi je? Kavu tangu asubuhi. Mama mkwe akaniambia taratibu, "Mwache mwanangu, mtoto anakua akilala." Nikasema, "Mama, hebu tumwangalie mjukuu wako hapa dirishani." Tukamfunua kwenye mwanga. Macho ya njano, kifua cha njano, na ukimtekenya nyayo anakunja uso kidogo tu, kisha huyo karudi usingizini.

Yule mama hakubisha tena. Kanga begani, mtoto kifuani, ndiye aliyetangulia kwenye teksi. Hospitali mizani ikasoma kilo 2.8 wakati alizaliwa na 3.2. Kupungua kidogo siku za kwanza ni kawaida kwa kila mtoto, lakini ikivuka asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa wataalamu hawakai kimya. Akawekwa chini ya zile taa maalum za bluu, mama akasaidiwa kumpakata na kumnyonyesha vizuri, na siku ya tatu wakarudi nyumbani wakiwa salama.

Hiyo manjano siyo homa ya manjano, usichanganye. Ni rangi inayotokana na chembe za damu zinazovunjika, nayo hutoka mwilini kwa choo. Asiponyonya hapati choo cha kutosha, rangi inabaki, na ikizidi inamlewesha usingizi. Ikipanda sana inaweza kuharibu ubongo. Umeona mtego huo? Analala kwa sababu hajala, na hali kwa sababu amelala.

Sasa tuhesabu. Kichanga anatakiwa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana. Saa unaanza kuzihesabu pale alipoanza kunyonya, siyo alipomaliza. Kaanza saa nne usiku? Saa saba usiku anza kumchungulia, na isipite saa nane hujamwamsha. Aliyezaliwa njiti, au chini ya kilo 2.5, au mwenye manjano, usimvushe saa tatu, na fuata ratiba uliyopewa na daktari.

"Namwamshaje sasa, ananiangukia kama gunia?" Usimmwagie maji wala kumpigia kelele. Kwanza vizia usingizi mwepesi: kope zinacheza, midomo inanyonya hewa, vidole vinachezacheza. Hapo ni rahisi. Mfungue blanketi, mbadilishe nepi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, msugue mgongo na nyayo, mnong'oneze jina lake kama mmeshakubaliana. Mdondoshee tone la maziwa mdomoni. Akisinzia katikati ya kunyonya, minya titi taratibu maziwa yatiririke, au mhamishie titi la pili.

Na usisubiri kilio. Akigeuza kichwa kutafuta, akipeleka ngumi mdomoni, hiyo ndiyo kengele. Kulia ni njaa iliyokwisha kuchelewa.

Faida nyingine ni yako, mama. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyonyonywa, na homoni inayoyatengeneza hupanda zaidi usiku. Ukiruka usiku mzima wiki ya kwanza, asubuhi titi limekuwa jiwe, na baada ya siku chache unaanza kulalamika maziwa hayatoshi.

Je, ni kazi ya milele? Wala! Vichanga wengi huwa wamerudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili. Mpeleke kliniki apimwe. Kama uzito umerudi na unaendelea kupanda, nepi zinalowa mara sita au zaidi kwa siku, na akiwa macho ni mchangamfu, muulize muuguzi, kisha zima alamu. Hapo ule msemo wa wahenga unaruhusiwa. Alale, na wewe ulale. Wenye pampasi mkumbuke kwamba inanyonya mkojo usiuone, kwa hiyo ipime kwa uzito mkononi.

Lakini kuna usingizi ambao si wa kuhesabia saa. Mtoto haamki hata ukimbadilisha, au anakataa titi, au ana homa, au mwili wa baridi, au anapumua mbiombio, au anastuka kwa degedege, au manjano imefika viganjani na nyayoni, au imeanza ndani ya saa 24 tangu azaliwe: hapo hakuna cha kusubiri kuche. Hospitali!

Na wewe kaka unayesoma ukidhani haya ni ya akina mama, nina habari yako. Titi huna, sawa. Lakini alamu ya saa saba usiku inalia kwenye simu yako. Wewe ndiye wa kuamka, kubadilisha nepi, kumletea mwenzio mtoto na kikombe cha maji, kisha kumrudisha mtoto kitandani ndani ya chandarua. Mama aliyechoka hoi anaweza asisikie hata alamu, na mtoto aliyelala njaa hapigi kelele. Lazima mmoja ndani ya nyumba awe na hesabu.

Haya wapenzi, kwa leo naishia hapo. Mwenye jirani aliyejifungua juzi amkatie ukurasa huu ampelekee, na supu asisahau. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.