Picha ikinyooshwa, shangazi asikatwe

Siku hizi kazi ya kutunza picha za ukoo imeangukia mikononi mwa vijana. Albamu iliyokaa miaka chini ya kitanda cha bibi hutolewa, kila picha hupigwa tena kwa simu, na jioni hiyo kundi la WhatsApp la familia hujaa vicheko na salamu. Ni kazi nzuri, na anayeifanya astahili shukrani. Shida ni kwamba picha nyingi huingia kwenye simu zikiwa zimepinda. Nyingine zilipinda tangu siku ya kwanza, kwa sababu mpigaji alikuwa amepanda kiti ili awapate watu wote. Nyingine zimepindishwa juzi na mkono wa mjukuu aliyeshika simu kwa mkono mmoja na albamu kwa mkono wa pili.

Basi mjukuu hufungua sehemu ya kuhariri, huzungusha picha kwa kidole mpaka ukuta usimame wima, kisha huhifadhi. Kazi ya sekunde kumi. Picha imenyooka kweli, lakini mtu aliyekuwa amesimama mwisho wa mstari hayupo tena.

Wengi hawajui kwamba kunyoosha picha ni kuikata. Picha ni mstatili. Ukizungushwa, pembe zake hutoka nje ya fremu, na mahali pengine ndani ya fremu hubaki patupu. Ili kuficha utupu huo, programu ya simu hukuza picha kidogo na kuondoa kingo zote nne, wala haiulizi. Kwa picha ya kawaida ya simu, ile yenye uwiano wa nne kwa tatu, kuizungusha nyuzi 2 tu huondoa karibu asilimia 9 ya picha yote. Nyuzi 5 huondoa karibu moja ya tano. Nyuzi 10 huondoa karibu theluthi. Na nyuzi 5 si nyingi: mshale wa dakika wa saa ya ukutani huzunguka nyuzi 6 kwa kila dakika moja.

Sasa, nani husimama kwenye kingo za picha ya familia? Katikati wamo maharusi, au wazee waliokalishwa kwenye viti. Pembeni yupo shangazi aliyeitwa kutoka jikoni dakika ya mwisho, kanga bado kiunoni. Yupo binti wa kazi aliyemshika mtoto, na kaka mdogo aliyeambiwa asogee, asogee tena. Bwana harusi ana picha 40 za siku ile. Shangazi ana hiyo moja.

Hasara yenyewe hujulikana siku ya msiba. Kamati inataka picha ya marehemu ya kuweka kwenye fremu na kwenye ratiba ya mazishi. Marehemu hakupenda kamera, kitambulisho chake kimefifia, na kila mtu anakumbuka ile picha ya harusi. Nakala ya karatasi ililiwa na unyevu zamani. Iliyobaki ni ile ya kwenye kundi, iliyonyooshwa vizuri sana, ukuta wima kabisa, na pembeni kuna bega na nusu ya sikio. Hapo ndipo mama mkubwa huvaa miwani, akaitazama simu kwa muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, mbona dada yangu amebaki bega tu?" Na kijana mwenye simu hana la kumjibu mzee.

Wakati mwingine kuna la kujibu. Sehemu ya picha kwenye iPhone, na Google Photos pia, huweza kutunza picha ya awali nyuma ya ile iliyohaririwa, na mwenye simu akaweza kuirudisha hata baada ya muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya kulia, simu iliyotumika kunyoosha ikaguliwe kwanza. Lakini nakala iliyotumwa WhatsApp haikumbuki kitu. Imebeba kile tu kilichobaki baada ya kukatwa, tena imebanwa ili iwe nyepesi. Na programu iliyohifadhi juu ya faili lile lile bila kutunza la awali haina cha kurudisha.

Ndiyo maana nakala hutangulia. Picha iliyotoka kwenye kamera iachwe kama ilivyo, ipinde ilivyopinda, na kazi yote ifanywe kwenye nakala. Kwenye kompyuta ya steshenari, kijana wa pale aombwe ahifadhi kwa jina jingine. Pia inyooshwe mara moja tu. Kila inapozungushwa, programu hukokotoa upya nukta zote za picha na ukali wake hupungua kidogo. Anayejaribu, akahifadhi, kisha akanyoosha tena ile aliyohifadhi, mwishoni hupata sura zenye ukungu. Akikosea, arudi kwenye ile ya kwanza.

Dawa kubwa, hata hivyo, iko kabla ya programu. Anayepiga picha ya karatasi asiijaze kwenye kioo cha simu. Ailaze mezani karibu na dirisha, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, azime mwanga wa simu, ashike simu sambamba juu yake, kisha ainue mpaka meza ionekane pande zote nne. Picha hiyo ikizungushwa baadaye, kinachokatwa ni meza. Kuacha ukingo huo wa meza ni jambo dogo, na hakuna programu inayoweza kufanya kazi hiyo badala yake.

Kushika simu sambamba kuna sababu yake. Ikishikwa kwa mshazari, upande wa mbali wa karatasi hutoka mwembamba na wa karibu hutoka mpana. Huko si kupinda, na kuzungusha hakusaidii hata kidogo. Kijana huhangaika kulia na kushoto, ukuta mmoja ukisimama mwingine unaanguka. Hapo inatakiwa ile zana ya kuvuta pembe, ambayo Snapseed na programu nyingine nyingi za bure zinayo. PhotoScan ya Google, iliyotoka mwaka 2016, ilitengenezwa kwa kazi hii hasa: hupiga karatasi mara kadhaa, hupunguza mng'ao na kunyoosha pembe yenyewe. Hata hiyo nayo huamua yenyewe ukingo uko wapi, na matokeo yake yanafaa kukaguliwa na macho ya mtu.

Ukingo mweupe wa picha za zamani usiondolewe ovyo. Maabara nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilichapa mwezi na mwaka pale, na studio nyingi zilipiga mhuri wao. Picha za studio kwa kawaida hazikupinda, maana kamera ilikaa juu ya miguu mitatu na mpigaji hakuwa na haraka. Familia ya Zanzibar yenye picha ya Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, haina ukuta wa kunyoosha. Ina sura za kutunza, na mhuri kama upo.

Picha ikishakuwa tayari, swali linalofuata ni kitu gani kitumike kupimia. Wengi hutumia vichwa vya watu, na hapo huharibu. Watu hupangwa kwa urefu na uwanja una mteremko, kwa hiyo mstari wa vichwa hauna wajibu wa kulala sawa. Ukingo wa ufuko unaoelekea mbali nao hudanganya, huonekana umepinda hata kamera ikiwa sawa. Upeo wa bahari ya wazi, pale maji yanapokutana na mbingu, ndio wa kuaminika. Kwenye picha ya nyumbani, kona ya nyumba au mwimo wa mlango ulio karibu na katikati hufaa, ila nyumba nyingi za udongo na mbao zilikuwa zimeinama zenyewe, na anayeunyoosha mwimo wa namna hiyo huwapindisha ndugu zake wote. Kinachoning'inia ni bora zaidi: pazia lililotulia, waya wa taa, shati kwenye kamba. Mnazi usipimiwe kabisa.

Mwenye kompyuta anaweza kutumia GIMP, ambayo haiuzwi. Zana yake ya kupimia huchorwa kufuata mwimo wa mlango, kisha hubonyezwa kitufe cha kunyoosha, na hakuna kubahatisha kwa kidole. Faida yake kubwa ni kwamba huachia mtu achague kama kingo zikatwe au turubai ipanuliwe. Ikipanuliwa, picha hukaa nzima na pembe hubaki tupu. Pembe tupu si aibu. Fundi wa fremu huzifunika kwa kadi, na kwenye ratiba ya mazishi hakuna atakayeziangalia.

Zipo sasa programu zinazojaza pembe hizo kwa kubuni. Kwa mbingu au ukuta mtupu, hakuna ubaya. Lakini shangazi akiwa amekatwa nusu, programu itambunia nusu ya pili: mkono ambao si wake, kitenge ambacho hakuwahi kukivaa, na wajukuu watakua wakiamini ndiyo yeye. Bora bega la kweli.

Picha iliyopinda kidogo sana iachwe. Uzi mmoja ni vigumu kuuona bila kuambiwa, na kuunyoosha huondoa asilimia 4 hadi 5 ya picha. Ile ya mtoto anayekimbia, iliyopigwa na baba aliyekuwa akikimbia naye, iachwe pia.

Likibaki swali la kukata au kutokata, kijana asiamue peke yake. Picha ipelekwe kwa mzee mmoja anayewajua watu wake, ionyeshwe nzima, pamoja na maandishi ya nyuma ambayo nayo yapigwe picha. Mzee ataje majina kutoka kushoto hadi kulia, na kijana aandike, kwa sababu mtu wa pembeni asiyejulikana na yeyote mle kundini huenda mzee ndiye pekee anayelijua jina lake. Picha ya awali itumwe kwa ndugu wawili au watatu, kwa WhatsApp itumwe kama faili na si kama picha, ili isibanwe, na mmoja wao awe mtu anayeishi mji mwingine.