Karani Aliyeketi Kitandani

Juma hili napenda tuzitazame picha za rangi, kwa maana wako wanaodhani kwamba picha ni pambo la ukutani tu. Zamani huko Uingereza walikuwako wachoraji walioacha habari za wafalme na vita, wakachora maisha ya kila siku ya watu wa mashambani. Ukizitazama kwa makini utatambua nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumishi.

George Stubbs, aliyesifika sana kwa kuchora farasi, alichora wavunaji wa ngano mwaka 1785. Picha hiyo ni mali ya nyumba ya picha ya Tate. Wavunaji wanafanya kazi kwa miundu, lakini nguo zao ni safi kana kwamba wanakwenda kanisani! Yeyote aliyewahi kuvuna juani atacheka kidogo. Karibu nao yuko msimamizi juu ya farasi, naye kazi yake ni kutazama.

Aliyekwenda mbali zaidi ni David Wilkie, mwana wa mchungaji wa Uskoti, aliyehamia London mwaka 1805. Yafaa tukumbuke kwamba wakulima wengi wa Uingereza wakati ule hawakuwa na ardhi yao wenyewe, bali waliikodi kwa makabaila. Mwaka 1807 Wilkie alichora siku ya kulipa kodi. Msimamizi ameketi mezani akipokea fedha. Upande mwingine wapangaji waliokwisha kulipa wanakula chakula walichoandaliwa. Na katikati ya shughuli hiyo mjane kijana pamoja na watoto wake anangoja zamu yake. Hali yake haikuhitaji maelezo.

Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, bei ya nafaka ilikuwa imeanguka, lakini kodi zilizopandishwa wakati wa vita hazikushuka upesi. Mwaka huo huo Wilkie alichora nyumba ya mkulima aliyeshindwa kulipa. Mwenye nyumba ameketi mezani, kichwa kimeegemea mkono. Mkewe amezimia. Majirani wamejaa chumbani, nao wanamkabili kwa hasira mtu aliyetumwa kukamata mali. Na juu ya kitanda cha watu hao ameketi karani, anaandika orodha ya vyombo.

Mimi nimeiona picha hiyo kitabuni tu, na kwa kuwa ni karani, macho yangu yalimrudia mtu yule mara nyingi. Hakupandisha kodi yeye, wala hakushusha bei ya ngano. Ameagizwa kuandika, naye anaandika. Hata hivyo, pa kuketi palikuwa pengi; kwa nini kitandani?

Taasisi ya Uingereza ya sanaa, ambayo wafadhili wake wengi walikuwa watu wakubwa wenye ardhi, iliinunua picha hiyo kwa ginea 600, ingawa wako kati ya wakubwa hao ambao haikuwapendeza. Leo imo katika hazina ya picha za taifa huko Edinburgh. Kabaila mwenye shamba utamtafuta bure, maana hayumo chumbani. Hasira yote ya majirani imewaangukia wale aliowatuma.