Mjane, Eda na Akaunti Iliyofungwa

Mume akifa Bagamoyo, mara nyingi shauri la kwanza la pesa huamuliwa na kadi ya ATM. Anayeijua namba ya siri hutoa za sanda na za chakula cha msiba, kisha hurudi tena baada ya hitma. Benki ikipata taarifa ya kifo hufunga akaunti, na lawama huanza: watoto wanataka kula, kwa nini mke azuiwe pesa za mumewe?

Lawama hiyo naielewa, ila siiungi mkono. Pesa zile sasa ni mirathi. Katika mwambao huu wa mitala, benki ikimlipa mke aliyewahi dirishani, mke mwenzie wa Mlingotini adai kwa nani? Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto, wake wote hugawana thumni moja, yaani sehemu moja ya nane, tena baada ya kutolewa gharama za mazishi, madeni na wosia. Karani wa benki hana uwezo wa kuyapima hayo. Mahakama ya Mwanzo inao.

Kinachoniuma ni namna msimamizi wa mirathi, anayeteuliwa na mahakama hiyo, anavyopatikana. Kikao cha ukoo hukaa mjane akiwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na jina linalopelekwa mahakamani huwa la shemeji. Sheria ya Kiislamu haimzuii mjane kuwa msimamizi, na wanazuoni wengi humruhusu kutoka mchana kwa haja. Kufuatilia riziki ya yatima si haja? Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni. Mjane asiyelijua hilo atamuuliza nini?

Tena mwanamke aliyekaanga samaki sokoni akaweka faida kwenye akaunti ya mumewe hadai thumni tu. Ile faida ni mali yake. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 huchukulia mali iliyo kwa jina la mmoja kuwa yake peke yake hadi ithibitishwe vinginevyo, naye hana hata risiti moja. Kwa hiyo akaunti yake mwenyewe, au ya pamoja, ifunguliwe mume angali hai, hata kama mazungumzo hayo yanamtia haya.

Na hakimu akiletewa muhtasari wa kikao cha ukoo usio na saini ya mjane, aurudishe.